Kimondo cha Mbozi: 2030 tutaadhimisha miaka 100 ya nini?

Baba Wawili, Ilomba: Wakuu, 2030 inatimia miaka 100 tangu yule mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, akigundue kimondo, lile dude lililoanguka kutoka angani, pale kijijini Ndolezi, Mbozi. Juni 30 tayari ni siku ya vimondo duniani, ya kukumbuka jiwe la angani lililolipuka Tunguska, Siberia, mwaka 1908. Naomba miaka 100 hii nayo ipewe sherehe yake. Kwetu Mbeya hatuna kitu cha sayansi kinachojulikana duniani kama jiwe hili la tani 25. Mnasemaje?

Mwana Vwawa: Kwetu Mbeya?? Mbozi iko Songwe tangu 2016. Kila kizuri cha kwetu lazima kiwe cha Mbeya?

Ticha wa Jiografia: Tani 25 ni makadirio ya zamani. Siku hizi inatajwa 16. Na si jiwe, ni chuma, kama asilimia 90, kinachobaki karibu chote ni nikeli.

Mjukuu wa Mhunzi: Mimi lililoniuma ni neno "akigundue". Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, wamefua chuma vizazi na vizazi, wana matanuri yao na mivukuto yao, majembe yao yalilima Mbozi hii. Watu wa namna hiyo walipita kando ya chuma kirefu mita tatu wasikione?

Baba Wawili, Ilomba: Kama walikijua, mbona hawakufua hata jembe moja?

Mjukuu wa Mhunzi: Kaka, usiwaseme wazee wetu hivyo. Mhunzi alitoa chuma kwenye udongo wa mawe kwa moto wa mkaa. Dude lile ungelivunja kwa nini? Desemba 1930 hiyohiyo, Grantham wa idara ya jiolojia alikata kipande cha sentimita 10 tu kwa msumeno wa chuma, ikamchukua saa 10. Huyo ana msumeno wa kiwandani!

Ticha wa Jiografia: Hapo nakuunga mkono. Nyongeza: shimo la kuangukia halionekani tena, kwa hiyo kilianguka zamani mno. Cha 1930 ni kuandikwa kwenye vitabu vya sayansi. Tuseme "miaka 100 ya kuandikwa", ugomvi uishe.

Mwana Vwawa: Ugomvi haujaisha. Mwenye mada bado hajafuta "kwetu Mbeya".

Dada wa Mafinga: Jamani, mkoa ulikuwa mmoja mpaka juzi, mnagombania nini?

Mwana Vwawa: Dada, wewe uko Iringa, hayakuhusu. Mgeni akishuka Mbeya anaambiwa kimondo kiko Mbeya, analala Mbeya, anakula Mbeya. Ndolezi anafika kupiga picha na kuondoka. Mwenye kahawa yake pale kijijini anapata nini?

Baba Wawili, Ilomba: Nimezaliwa Mbozi ikiwa wilaya ya Mbeya, mdogo wangu. Sikukusudia kunyang'anya. Narekebisha: kwenu Songwe. Ila jembe bado hamjanijibu vizuri.

Mjukuu wa Mhunzi: Nimekujibu. Rudi juu usome saa 10 za Grantham.