Wakuu, kikosi cha mashujaa wa enzi ya Malkia Victoria hakichaguliwi kwa kutazama bango la sinema!

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tatu, leo nimeshindwa. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kwenye vichekesho, maana mimi sicheki.

Tuko watu saba tunaochora komiki. Tulichanga buku ishirini ishirini za karatasi, wino na kuchapa kitabu cha kwanza. Wazo lilikuwa tamu: tuchukue wahusika wa riwaya za zamani, zile ambazo haki miliki zake zimeshakwisha na hakuna wa kuja kutudai, tuwakutanishe London mwaka 1898 wawe kikosi kimoja. Najua si wazo jipya. Alan Moore na Kevin O'Neill walishalifanya mwaka 1999 kwenye The League of Extraordinary Gentlemen, na ndio waliotutia wazimu huu. Tukakubaliana kila mtu alete majina yenye hoja. Mimi nikakesha. Nikarudi kwenye vitabu vyenyewe, nikajaza kurasa nne kwa mkono.

Jumapili mwenyekiti akatuma orodha "ya mwisho". Naisoma, kumbe ni ileile ya sinema ya mwaka 2003, jina kwa jina: Quatermain yule mwindaji, Nemo nahodha wa nyambizi Nautilus, Hyde, Mtu Asiyeonekana, Mina, Dorian Gray asiyezeeka, Tom Sawyer. Halafu kwa ubunifu wake mwenyewe akaongeza Tarzan.

Tarzan, wakuu! Hadithi yake ilitoka jaridani mwaka 1912, Malkia Victoria ana miaka kumi na moja kaburini. Na hata ukifuata hesabu za ndani ya riwaya, wazazi wake walipanda meli Uingereza mwaka 1888, yeye akazaliwa baada ya hapo huko msituni. Kwa hiyo 1898 hata miaka kumi hajaimaliza. Huyo Tom Sawyer naye kitabu chake ni cha 1876 lakini mambo yake yanatokea miaka ya 1840 hivi, akiwa mtoto anayepaka chokaa uzio. Piga hesabu mwenyewe: 1898 babu kapita sitini. Sinema ilimchomeka kijana mwenye bunduki ili Wamarekani nao wajione, hilo ni la kwao. Sisi tuna sababu gani? Kikosi chetu kina mtoto wa darasa la tatu na mzee wa pensheni, na wote wawili wamechorwa na vifua kama mabaunsa wa mlangoni.

Kisha nikaona mchoro wa Hyde. Limtu lenye shingo kama gunia la mkaa, linapasua shati. Nikauliza taratibu, kwa heshima zote: kaka, umekisoma kitabu cha Stevenson? Kimya. Kwenye riwaya ile ya 1886 Hyde, yaani ule upande mbaya ambao Daktari Jekyll anajigeuza kwa dawa, ni MDOGO kuliko Jekyll. Mfupi, mwepesi. Akivaa nguo za daktari zinampwaya, suruali imekunjwa chini isiburute. Ndipo uchawi wa kitabu ulipo: watu wanamchukia kwa kumtazama tu, na hakuna anayeweza kusema ana kasoro gani. Jekyll alikuwa ameishi maisha yake mengi kwa adabu, upande wake mbaya haukupata mazoezi, ndiyo maana ukatoka mdogo. Unaelewa utamu wa kumchora hivyo? Mtu mdogo ndani ya koti kubwa, na chumba kizima kinasogea nyuma. Moore alimfanya jitu, ni kweli, lakini alikisoma kitabu, akamfanya Hyde mwenyewe aeleze kwamba mwanzoni alikuwa mdogo na amekua kadiri miaka ilivyokwenda. Huyu wetu kakopi jitu, maelezo kayaacha.

Mtu Asiyeonekana sitaki hata kumzungumzia sana. Griffin wa H. G. Wells anatembea uchi London mwezi wa Januari, anapiga chafya, mbwa wanamnusa, matope yanamfichua nyayo, na akila mkate unaonekana tumboni mpaka uyeyuke. Fremu ngapi za bure hizo! Mwenyekiti kamchora ana kofia na miwani ya jua, basi.

Nemo ndiye aliyenipandisha presha. Kapakwa uso mweupe na ndevu za kahawia. Jamani! Kwenye Kisiwa cha Ajabu cha Jules Verne imeandikwa wazi: Nemo ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Bundelkhand, India, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857, wakamwulia familia, akakimbilia chini ya bahari na chuki yake. Huyo ndiye unamleta London afanye kazi ya Malkia? Unaweza, lakini lazima useme kwa nini amekubali. Ana deni gani, anamtafuta nani, siku gani atawageuka. Hadithi nzima imekaa pale! Sinema ileile anayoiabudu angalau ilimpa nafasi hiyo Naseeruddin Shah, Mhindi hasa. Sisi tuko Dar, Wahindi tunaishi nao mtaa mmoja vizazi na vizazi, ndio tunampaka chokaa?

Mina Harker naye kageuzwa mnyonya damu wa nguo za ngozi. Mina wa kitabu cha Dracula anaandika hatimkato, anapiga taipu, amekariri ratiba za treni, na ni yeye aliyekaa na makaratasi akapambanua Dracula atapita njia gani kurudi kwao. Wanaume wote wamekodoa macho na visu vyao. Mpe taipureta yake, inatosha.

Sasa nije kwenye donda lenyewe.

Jina langu la kwanza kwenye zile kurasa nne lilikuwa Umslopogaas, shujaa wa Kizulu. Jibu la mwenyekiti, nalinukuu kama lilivyo: "Huyo si yule mtumishi wa kwenye Mashimo?" Siyo! Yule ni Umbopa, aliyejifanya kibarua wa Wazungu kumbe ni mfalme Ignosi mwenye chale ya nyoka kiunoni. Mashimo ya Mfalme Sulemani tunakijua kwa Kiswahili tangu 1929, Frederick Johnson alipokitafsiri, yuleyule wa kamusi ya 1939. Nakala ya baba yangu haina jalada, nimeisoma mpaka kurasa zimelainika kama kitambaa. Ukichanganya Umbopa na Umslopogaas ujue hata hicho kilichotafsiriwa hukukisoma, umesikia kwa watu.

Umslopogaas yuko kwenye Allan Quatermain, kitabu cha 1887 cha H. Rider Haggard, yuleyule mwandishi wa Mashimo. Na safari yao Afrika inaanzia wapi? LAMU. Wazungu watatu wamekaa barazani kwa konseli wa Uingereza, wanazungumza, na shujaa wa Kizulu anatokea ana shimo kichwani na shoka lenye mpini wa pembe ya kifaru. Shoka lina jina, Inkosi-kaas. Kila anayemuua kwa shoka lile anamkatia alama kwenye mpini. Hapendi kupiga kwa makali kama mkata kuni, anadonoa kwa ile ncha ya nyuma, tundu dogo nadhifu, ndiyo maana wanamwita Kigong'ota. Wanapanda mto Tana kwa mitumbwi, wanapambana na Wamasai kwenye boma alfajiri. Mbele kabisa, farasi wake anapokufa njiani, anashika ukanda wa kikuku, pale mpandaji anapokanyaga, kwenye farasi wa Quatermain na kukimbia maili kwa maili. Anafika, anasimama juu ya ngazi za jumba la malkia wa nchi waliyoifikia akizuia wauaji wasipite. Majeraha mwili mzima. Akiisha kuwamaliza anajikongoja hadi ukumbini, analipiga jiwe takatifu kwa shoka, jiwe linapasuka, shoka linavunjika vipande, naye anaanguka.

Huyo ndiye "hajulikani", na Dorian Gray ambaye kazi yake ni kupendeza anapata ukurasa mzima!

Mjumbe mmoja akasema Umslopogaas si amekufa kitabuni. Sawa, na Quatermain je? Anakufa kitabu hichohicho, kurasa chache baadaye. Nemo alishakufa, Nautilus ikawa jeneza lake. Hyde kafa, Griffin kapigwa na watu mpaka kafa, Dorian kaichoma kisu picha yake akafa yeye. Karibu kikosi kizima ni marehemu! Wote wamefufuliwa bila maswali, ila huyu mmoja anadaiwa cheti cha kifo.

Na Umslopogaas si mtu wa kuota tu. Haggard alipokuwa Natal na Transvaal, Afrika Kusini, miaka ya 1870 alimfahamu Mswazi mmoja, Mhlopekazi, mtu wa Theophilus Shepstone, afisa wa Kiingereza, akamkopa sura na jina.

Turudi kwenye sinema kidogo, maana orodha imetoka huko. Inamkuta Quatermain mwaka 1899 mahali wanapoita Kenya, wakati nchi iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, koloni la Kenya ni la 1920, na reli ndiyo kwanza imeingia Nairobi Mei mwaka uleule. Mwafrika unayemkumbuka humo ni nani? Mganga anayecheza kaburini mwishoni ili mzee wa Kizungu afufuke. Basi. Tuna kalamu mkononi, karatasi tumenunua kwa hela zetu, hakuna bosi wa studio anayetuamrisha, na bado tumemwacha Kigong'ota nje ya mlango!

Nikaandika haya yote kwenye kundi, kwa upole kuliko hapa. Saa tano kasoro usiku mwenyekiti akajibu: "Sawa mkuu, usikasirike. Tumweke. Awe anambebea Quatermain bunduki."

Nikajitoa kwenye kundi palepale. Buku ishirini zangu bado hazijarudi.