Mjadala: Kentucky wafunge vituo vya kura saa 1 usiku badala ya saa 12 jioni. Tukaombe hilo tu kwenye Bunge la jimbo kule Frankfort, au zaidi?

Mama Zamu (Louisville)

Wanajamvi, hodi. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja.

Vituo vya kura hapa Kentucky vinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Sisi na jirani zetu wa Indiana tunafunga mapema kuliko karibu majimbo yote ya Marekani. Sasa niambieni, Mswahili wa Louisville anafanya kazi wapi? Ghala la mizigo, kiwanda cha nyama, hospitali, nyumba ya wazee. Zamu ya mchana ni masaa kumi na mawili, na ndiyo hayo hayo masaa ya kituo. Novemba 2023, uchaguzi wa gavana, nilimwomba msimamizi wangu nitoke mapema. Akacheka. Akaniuliza, kwani na wewe unapiga kura? Nilifika kituoni saa 12 na dakika nne. Kijana wa mlangoni alinionea huruma kwelikweli, ila aliyekuwa kwenye foleni saa 12 kamili ndiye anayeruhusiwa, na mimi saa 12 kamili nilikuwa kwenye taa nyekundu.

Baadaye ndipo nikajua jambo ambalo kila mmoja wetu angepaswa kuambiwa siku ya kula kiapo cha uraia. Kifungu cha 148 cha Katiba ya Kentucky kinataka mwajiri ampe mfanyakazi angalau masaa manne siku ya uchaguzi akapige kura. Masharti ni kuomba kabla ya siku yenyewe, na mwajiri ndiye anayepanga masaa gani. Hakuna ahadi ya kulipwa. Kifungu hicho hicho kinasema uchaguzi ufanyike kati ya saa 12 asubuhi na saa 1 usiku. Saa 1! Maana yake ile saa moja tunayoililia Katiba imeshaitoa, ni Bunge la jimbo ndilo halijaitumia. Hapo inatosha sheria ya kawaida. Hata ukitaka saa 2 usiku si lazima kubadili Katiba, maana kifungu hicho kinaliruhusu Bunge kubadilisha masaa hayo.

Hatuna njia ya Michigan. Kule mwaka 2018 wananchi walikusanya saini wenyewe, wakapeleka kwenye kura swali la kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi na kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu, likapita kwa takriban asilimia 67. Kentucky raia hawezi kuanzisha swali la namna hiyo. Lazima ukagonge mlango Frankfort.

Kwa hiyo mimi nasema tuombe mawili. Moja, vituo vifungwe saa 1 usiku. Pili, siku za kura ya mapema zitoke tatu zifike angalau kumi. La tatu ambalo wenzetu wengi wanalipigania, la watu kuandikishwa moja kwa moja wanapochukua leseni ya udereva, mimi silitaki, na nitaeleza nikiulizwa.

Kinyozi wa Lexington

Dada, pole na ile taa nyekundu. Lakini usitufiche: mwaka ule ule ulikuwa na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi za kupiga kura mapema, bila kuulizwa sababu. Sheria hiyo ilipita 2021, Bunge likiwa la Republican, gavana Beshear wa Democratic akaisaini, na waziri wa jimbo Michael Adams, Republican, ndiye aliyeipigania. Adams huyu aligombea 2019 akidai kitambulisho chenye picha, akakipata 2020 Bunge lilipoipiku kura ya turufu ya gavana, mwaka uliofuata akapanua siku. Mimi huo ndio mpango ninaoukubali: fungua mlango, weka mlinzi.

Mnapenda kuwaita wenye wasiwasi wabaguzi. Someni historia ya jimbo hili. Kule milimani mashariki kununua kura si hadithi ya kutungwa, kesi zimefika mahakama za shirikisho. Karatasi ya posta ndiyo rahisi kuliko zote kuinunua, maana mnunuzi anakaa sebuleni kwako akikutazama unavyoijaza. Sisi tuliotoka kwenye nchi za kanga, sukari na buku mbili tunajua. Halafu hizi kelele za kwamba watu watazuiwa: Georgia 2021 walibana sheria, ikatabiriwa balaa, 2022 kura za mapema zikavunja rekodi ya uchaguzi usio wa rais. Na New York, ngome ya Democratic, 2021 wananchi wenyewe walikataa kujiandikisha siku ya uchaguzi na wakakataa kura ya posta bila sababu. Wote wale wabaguzi?

Mama Zamu

Kinyozi, umenishika kwenye zile siku tatu, nakubali. Alhamisi na Ijumaa nilikuwa kazini. Jumamosi nilikuwa na mtoto mwenye homa. Ndiyo maana nasema kumi. Vuka daraja uingie Indiana, jimbo la Republican: wanapiga kura ya mapema siku 28. Shuka Tennessee, Republican tena: wanaanza siku 20 kabla. Hao nao ni mashabiki wa kununua kura?

Na ya Georgia usiisome nusu. Watu kujitokeza kwa wingi hakukuonyeshi walichogharamia. Sheria ile ile iliharamisha kumpa maji mtu aliyesimama foleni karibu na kituo. Ukiona mtu amesimama foleni masaa na bado akapiga kura, hiyo ni sifa yake yeye, si ya sheria.

Binti Ruzizi (Bowling Green)

Ndugu zangu, mutanisamehe Kiswahili changu cha Uvira. Mimi niko natumika usiku, kiwandani. Kwangu saa 1 haina maana, mimi natoka asubuhi, ningeweza kupiga kura nikitoka. Shida yangu ni ingine. Nilikula kiapo mwezi wa kumi 2024, nikafurahi, nikaenda kujiandikisha. Wakaniambia daftari lilifungwa tarehe 7 Oktoba saa 10 jioni. Miaka sita nangojea uraia, na nikaupata, na nikakaa nyumbani siku ya kuchagua rais. Munasema saa, munasema siku. Nani anasema daftari?

Na mama yangu ni raia lakini hajui kusoma Kizungu. Aliogopa kuenda kwa sababu walimwambia hakuna mtu wa kumsaidia kwa Kiswahili.

Mama Zamu

Binti, kwa mama kwanza, maana hilo halingoji Frankfort. Sheria ya shirikisho ya haki ya kupiga kura, tangu marekebisho ya 1982, inampa mtu asiyeweza kusoma haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Wewe mwanae unafaa. Wanaokatazwa ni mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mtajaza fomu ya kiapo pale mezani, basi. Akikataliwa, aombe msimamizi wa kituo, asitoke.

Daftari nakubali nililisahau, na hilo ni kosa langu. Nilijiandikisha zamani, nikasahau mlango nilioingilia. Illinois, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, wanaandikisha hadi siku ya uchaguzi. Minnesota wamefanya hivyo tangu miaka ya 1970, na 2020 walikaribia asilimia 80 ya wenye haki ya kupiga kura.

Mtu wa Portland, Oregon

Nawasoma huku nimekaa. Sisi karatasi inakuja nyumbani, wananchi walipitisha hilo 1998. Naijaza kwenye meza ya jikoni, nasoma kuhusu kila mgombea, hata wa bodi ya maji. Kinyozi, mnunuzi hajawahi kukaa sebuleni kwangu, na saini yangu inalinganishwa na iliyo kwenye kumbukumbu.

Mama Zamu, umesema tukuulize. Kuandikishwa moja kwa moja kuna ubaya gani? Oregon ndiyo iliyotangulia, sheria ya 2015, ikaanza kazi 2016. Huyo Binti Ruzizi angesaidika.

Mama Zamu

Ubaya umeutaja mwenyewe: Oregon. Mwaka 2024 ofisi yenu ya leseni ilikiri kwamba iliwaingiza kwenye daftari watu zaidi ya 1,200 ambao haikuwa na uthibitisho wa uraia wao. Makarani walirekodi hati kama pasipoti za nje kana kwamba zinathibitisha uraia wa Marekani. Waliopiga kura walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole, na watu wakasema basi hakuna tatizo.

Kwao hakuna. Kwa Mswahili mwenye grin kadi, yaani kibali cha kuishi hapa bila uraia, lipo. Asiye raia akipiga kura, au akidai kuwa raia, sheria ya uhamiaji ya 1996 inaweza kumfukuza nchini, na kumweleza afisa kwamba karani ndiye aliyebofya vibaya ni kazi ya wakili na pesa. Fikiria shangazi yako anapokea kadi ya mpiga kura kwenye barua. Haelewi Kiingereza. Anadhani serikali imemruhusu. Anavaa kitenge chake kizuri anakwenda. Na hapa kwetu, Novemba 2024, wananchi wameandika kwenye Katiba ya jimbo kwamba asiye raia asipige kura. Unadhani kosa la shangazi litachukuliwa kuwa la karani?

Mtu wa Portland, Oregon

Hilo ni kosa la kompyuta na mafunzo, lirekebishwe. Na kumbuka njia ya zamani nayo ina mtego wake: karani wa leseni anakuuliza kwa haraka kama unataka kujiandikisha, mtu asiyeelewa anajibu "yes" kwa adabu. Ikiwa mfumo unaangalia hati, mwenye grin kadi anachujwa kabla hajaulizwa chochote. Hatari unayoiogopa ipo tayari Kentucky, hukuiona tu.

Mama Zamu

Hapo umenipa la kufikiria. Sijashawishika, lakini nimelala nalo usiku kucha.

Kamau, Nairobi

Swali la mgeni. Kwa nini wasifanye siku ya mapumziko? Huku kwetu vituo vinafungwa saa 11 jioni, mapema kuliko nyinyi, na mwaka 2022 tulifika karibu asilimia 65. Watu wanaamka saa kumi alfajiri.

Kinyozi wa Lexington

Kamau, siku ya mapumziko huku inampumzisha mwenye ofisi. Hospitali na ghala hazifungi hata Krismasi. Hapo niko na Mama Zamu. Jumanne yenyewe iliwekwa 1845 kwa ajili ya wakulima wa farasi na mkokoteni.

Nimesoma tena hicho kifungu cha 148. Saa moja nitaiunga mkono, maana watu ni wale wale, kitambulisho ni kile kile. Nilikuwepo Juni 2020 Louisville nzima ilipopewa kituo kimoja, ule ukumbi wa maonyesho. Saa 12 jioni milango ikafungwa, watu waliokwama kwenye maegesho wakagonga vioo mpaka jaji akaongeza nusu saa. Sikuipenda. Siku kumi bado sizikubali: vituo vinataka watu wa kukaa, na kaunti ndogo kati ya hizi 120 haziwapati hata kwa siku tatu.

Mama Zamu

Basi kwa saa moja tuko wawili. Bunge linaanza Januari. Mwenye grin kadi asiogope kuja: kupiga kura hapana, kuongea na mbunge ndiyo. Gari langu lina nafasi nne.

Binti Ruzizi (Bowling Green)

Linaondoka saa ngapi? Mimi nitakuwa nimetoka usiku. Na mimi nakuja kwa mambo ya daftari, si ya saa.