Fontan ya utotoni, sasa moyo umechoka: tumwongeze damu kabla ya rufaa?

UjijiWodi: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa wa miaka 27 hapa Kigoma alizaliwa na ventrikali moja, akafanyiwa Fontan (upasuaji wa kupeleka damu ya vena moja kwa moja kwenye mapafu) nje ya nchi akiwa mtoto. Sasa tumbo limejaa maji, furosemidi (dawa ya kukojoza) haimsaidii tena, Hb (hemoglobini) 9. Anakwenda JKCI, taasisi ya moyo Dar es Salaam, na ndugu wanaulizia kupandikizwa moyo. Tumwongeze damu kabla hajasafiri?

Kazima_Tabora: Kama hali haijalazimisha, msimwongeze. Chembe nyeupe za damu ya mtu mwingine huufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya HLA (alama za utambulisho kwenye seli). Zikishakuwa nyingi, mioyo mingi ya wachangiaji haitamfaa. Huyu huenda alishaongezewa utotoni, na kiraka cha mshipa wa marehemu, kama aliwekewa, kina madhara hayohayo. Pimeni feritini (akiba ya chuma mwilini), upungufu wa chuma unatibiwa kwa chuma. Akivuja damu hadi kuhatarisha maisha hapo hakuna mjadala, mpeni, iliyochujwa chembe nyeupe ikipatikana.

Kibirizi: Naongezea: tafuteni ripoti ya upasuaji ule, si barua ya kuruhusiwa tu. Kwenye Fontan vena kava zimeunganishwa na ateri za mapafu bila kupitia moyo. Atakayepandikiza inabidi ajenge njia hizo upya, hivyo huomba moyo uvunwe na mishipa mirefu: vena kava ya juu pamoja na vena inominata inayoingia humo, ateri zote mbili za mapafu, na aota hadi kwenye upinde. Wavunaji wasipoambiwa mapema watakata fupi, na huwezi kurudi kuomba kipande. Halafu makovu ya upasuaji wa zamani. Kuyachambua huchukua saa nyingi, wakati moyo wa mchangiaji unatakiwa usikae kwenye barafu kwa zaidi ya muda wa saa 4 hivi. CT ya kifua ionyeshe mishipa iko umbali gani na kidari, maana msumeno ukiipasua damu itamwagika kabla hata ya kuanza.

UjijiWodi: Asante sana. Na haya maji ya tumbo?

Kazima_Tabora: Msiyahesabu ya moyo peke yake. Shinikizo la vena kwa miaka mingi hulitia ini makovu. Altrasaundi, albumini na alfa-fetoprotini (kipimo cha dalili za saratani ya ini) viende naye. Ini likiwa limeharibika sana, huenda likahitajika pia. TB ichunguzwe sasa hivi, kwa sababu rifampisini, dawa ya TB, hushusha mno takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kipya), na moyo mpya hukataliwa. Ndugu waelezwe wazi: upandikizaji ni nje ya nchi, India, kwa mfano, hutanguliza raia wake katika kugawa mioyo, na hatari ya kifo wiki za mwanzo ni kubwa kuliko kwa wagonjwa wengine wa moyo. Wanaovuka mwaka wa kwanza, wengi huishi muda mrefu.