Mbwa kupewa samaki mbichi: ni chakula au tunawaua polepole?

Mkazi wa Nyegezi:
Wadau habari za jioni. Nina mbwa wawili wa ulinzi, mmoja jemani shepadi wa kuchanganya na mwingine ni huyu huyu koko wetu, na miaka yote wanakula dona na dagaa wa kuchemsha, basi. Sasa shemeji yangu kaja likizo kutoka Dar akaniambia naharibu mbwa, eti mbwa ni ndugu wa mbwamwitu, porini hakuna jiko, wape samaki mbichi kama alivyotoka ziwani na mkaa utauokoa. Nikanunua vichwa vya sangara na dagaa wabichi nikamkabidhi mzee anayelinda hapa ndo awalishe usiku. Mzee alinuna, alisema mbwa akizoea damu ataanza na kuku wa jirani, mimi nikamwambia fanya nilivyosema. Leo siku ya tisa, manyoya yanang'aa, wanakula mpaka bakuli linatembea lenyewe uani. Mkaa sijaona umebaki kiasi gani ila mbwa nawaona. Mimi nasema mbichi ni sawa, anayebisha aje na hoja siyo matusi.

Mtoto wa Mwaloni:
Mkuu hapo huna haja ya kuuliza mtu. Mimi nimekulia Kirumba mwaloni pale, sokoni kwa samaki Mwanza, mbwa wa pale wanaishi kwa samaki tu, matumbo, mashavu, furu waliotupwa, dagaa waliomwagika kwenye ndoo, yote mbichi, na wana nguvu mpaka unawaogopa. Hawajawahi kuona sufuria wala sindano. Hawa wa mjini tunawadekeza tu mara presha mara figo.

Fundi Sindano:
Ndugu yangu wa mwaloni, unaowaona ni waliobaki. Mbwa wa mwaloni aliyekufa na miezi minne humwoni leo na hakuna aliyemhesabu. Mimi nimefanya kazi za mifugo muda mrefu, ng'ombe zaidi lakini mbwa pia wanaletwa, na hili la samaki mbichi naomba nilieleze taratibu maana watu wanarukia minyoo wakati kuna kitu kingine wala hakionekani.

Kuna samaki wana kimeng'enya kinaitwa thiaminasi, kazi yake ni kuvunja vitamini B1. Hii ilianza kujulikana Marekani miaka ya 1930 kule Minnesota, mfugaji mmoja wa mbweha wa manyoya alikuwa anawalisha samaki aina ya karpi mbichi, mbweha wakaanza kukataa chakula, wakayumba, wakapooza, wakafa. Ugonjwa ukabaki na jina lake mpaka leo, Chastek. Na mbweha na mbwa ni ukoo mmoja. Sasa siyo kila samaki anacho, karpi anacho, na baadhi ya samaki wa aina ya dagaa wa baharini wanacho, na dagaa wetu wa Ziwa Victoria ni jamaa wa mbali wa huyo karpi kwa hiyo mimi simpi mbwa wangu mbichi kila siku. Ubaya ni kwamba kile kimeng'enya hakiishii kwa samaki mwenyewe, ukichanganya dagaa mbichi kwenye ugali kinakula na B1 ya kwenye unga. Mwenye kulisha dona ana akiba kidogo kwa sababu kiini na ganda la mahindi vimo, anayelisha sembe nyeupe na dagaa mbichi huyo ndo namwonea huruma. Ukichemsha, kimeng'enya kinakufa, habari imeisha. Siku tisa haziwezi kukuonyesha kitu mkuu, hii inakuja kwa wiki na wiki.

Mkazi wa Nyegezi:
Sawa dokta, lakini Eskimo na mbwa wao wa kuvuta sleji wanakula samaki mbichi miaka na miaka. Shemeji kanionyesha video.

Kijana wa Tacoma:
Niingilie hapo kwa sababu niko huku jimbo la Washington. Ni kweli kule Alaska mbwa wa sleji walilishwa samoni sana, mpaka aina moja ya samoni inaitwa samoni ya mbwa. Lakini uliza walivyokuwa wanampa, kwa kawaida alikuwa amekaushwa au ameganda kama jiwe kwenye baridi ya kule, siyo katoka majini saa hiyo hiyo.

Huku kwetu majira ya vuli samoni wanapanda mito kuzaa halafu wanafia humo, kingo zote zinanuka. Nilikuwa namtembeza mbwa wa bosi wangu, akajitoa kwenye kamba akaokota samoni aliyekufa, nikacheka nikasema leo umepata sikukuu. Kama siku sita baadaye homa, anatapika, anaharisha damu, tezi za shingoni zimevimba. Daktari swali la kwanza kabisa, amekula samoni mbichi? Kumbe kuna kiminyoo kinakaa ndani ya samoni na trauti, na ndani ya kile kiminyoo kuna bakteria, na yule bakteria ndo muuaji, bila dawa mbwa wengi sana wanakufa ndani ya wiki mbili. Alipewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na dawa ya minyoo akapona. Bosi hakunifukuza ila mbwa hajanikabidhi tena.

Mtoto wa Mwaloni:
Pole kaka lakini hiyo ni Marekani. Sisi hatuna samoni. Mnaleta magonjwa ya wazungu kutisha mbwa wa Mwanza.

Kijana wa Tacoma:
Sijasema uko Mwanza. Huo ugonjwa ni wa pwani hii ya Pasifiki kwa sababu kile kiminyoo kinahitaji konokono wa huku. Nilikuwa namjibu wa video, kwamba ukisikia "mbwa wa fulani wanakula mbichi" uliza kwanza samaki gani na alifanywa nini.

Mama Bobi:
Nyie mnaongea vimeng'enya mimi nilichokiona ni ndoano. Sangara wengi wanavuliwa kwa ndoano mnajua, sasa kichwa kinauzwa na ndoano imo ndani ya koo. Mbwa wangu Bobi alimeza kichwa kizima kibichi, jioni anadondosha mate tu anatoa ulimi, tukadhani kalishwa sumu na majirani nikaenda kugombana na watu bure kabisa. Kumpiga picha, ndoano hiyo hapo. Walimpasua, nililipa hela ambayo ningenunua mbuzi. Ukichemsha kichwa kinaachana, unapekua na kijiko, ndoano unaiona. Mimi sayansi yangu ndo hiyo.

Jirani wa Kisumu:
Hebu ngojeni kwanza. Kuna mtu ameuliza hivi vichwa ni vya nani? Huku Kisumu hiyo tunaita mgongo wazi, fileti ya mbuta, huyo sangara wenu, imeenda Ulaya kwa ndege, imebaki mfupa na kichwa, na hicho ndicho kitoweo cha mtu wa Obunga, mtaa wa watu wa hali ya chini huku, akina mama wanakaanga wanauza, watoto wanasoma kwa hiyo. Nyinyi Mwanza mnaita mapanki sijui. Sasa watu wa magari wakianza kununua vichwa kwa gunia ju ya mbwa, bei itaenda wapi? Hata omena, hao dagaa wenu, tayari tunagombania na kuku, viwanda vya chakula cha mifugo vinabeba lori kwa lori. Mimi sina shida na mbwa lakini mjadala wa mbichi ama ya kupikwa ni mjadala wa mtu ameshiba.

Mkazi wa Nyegezi:
Kaka hapo umenigusa kweli lakini vichwa viwili kwa siku sidhani nimepandisha bei ya mtu.

Jirani wa Kisumu:
Wewe viwili. Shemeji yako anashauri watu wangapi?

Bin Feri:
Asalaam aleikum. Mimi wa pwani, mbwa nafuga wa ulinzi tu anakaa nje na chombo chake mbali, mkono wangu ukiguswa na mate yake nina kazi ya kuosha mara saba, kwa hiyo msinitanie. Ila samaki nawajua. Huku kuna mambo mawili ambayo hata kupika hakusaidii na sijaona mtu kayagusa.

La kwanza, samaki aliyelala juani. Jodari, nguru, vibua, hao wakikaa nje ya barafu saa kadhaa wanatengeneza kitu kwenye nyama, histamini, na ukichemsha ukikaanga hakitoki, mtu anavimba uso anawashwa mwili mzima, na mbwa vile vile anaweza kudhurika. Watu wana tabia mbaya sana, samaki akianza kunuka wanasema "huyu wa mbwa". La pili ni bunju. Akikokotwa na nyavu anatupwa ufukweni amevimba kama mpira, mbwa anakuja kulamba. Bunju ana sumu, uchemshe kutwa ipo pale pale, hata watu wanakufa. Kwa hiyo msigombanie jiko tu, ulizeni samaki gani na amekaa wapi tangu asubuhi.

Mtoto wa Mwaloni:
Hapo kwa Bin Feri nakubali, wa kunuka hapana. Lakini wa saa hiyo hiyo kutoka mtumbwini bado sijashawishika. Na mfupa je? Kila mtu anajua mfupa uliopikwa ndo unachoma utumbo, mbichi ni laini.

Fundi Sindano:
Mfupa mbichi unapinda zaidi, hiyo kweli. Lakini miiba ya mgongoni ya sangara na sato hata mbichi nenda kaipige kidole uone. Dagaa mfupa wake siyo tatizo. Kichwa kikubwa tia kwenye presha kuka mpaka mfupa unasagika kwa vidole, au chambua nyama mifupa tupa.

Mkazi wa Nyegezi:
Na friza? Shemeji anasema ukigandisha wiki nzima kila kitu kinakufa.

Fundi Sindano:
Minyoo ndiyo, nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba minyoo ya samaki inakufa. Bakteria wengi wanalala tu, akiyeyuka wanaamka. Thiaminasi haijali baridi. Halafu hizo nyuzi 20 ni za friza ambayo Luku haijaisha na umeme haujakatika, wewe unaishi nchi gani? Na kinachonikera hapa watu wanafikiria tumbo la mbwa peke yake, mbichi ile inakatiwa kwenye kibao kile kile cha kachumbari, mtoto anamshika mbwa mdomoni, bakteria wa Salmonela hachagui. Chama cha madaktari wa mifugo Marekani kiliandika mwaka 2012 kuwaasa watu wasilishe mbwa na paka nyama na samaki mbichi ambao hawajapitia moto au njia nyingine ya kuua vimelea, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa watu wa nyumbani humo.

Mama Bobi:
Paka pia??

Fundi Sindano:
Paka ndo kabisa mama, B1 ikipungua paka anaumia haraka kuliko mbwa. Shingo inainama hivi kidevu kinaenda kifuani. Ukimwona hivyo usisubiri kesho.

Mtoto wa Mwaloni:
Haya tumekusikia. Lakini mwenye mada mbwa wake wanang'aa siku tisa za mbichi, hilo mnalijibu vipi? Ushahidi upo uani kwake.

Mkazi wa Nyegezi:
Wadau nimerudi. Nimekaa kimya kwa sababu nilishuka kwenda kumwuliza mzee maana kuna kitu kilinisumbua, gunia la mkaa limekwisha mapema kuliko mwezi jana wakati nilitegemea libaki. Nikamwuliza mzee hivi hawa mbwa unawapa mbichi au vipi. Akaniangalia. Akasema "baba, mimi nimezaliwa Ukerewe, kichwa cha sangara nitakitupaje chini kibichi?" Kumbe siku zote tisa anachemsha usiku nikishalala, anachambua mifupa, nyama na dagaa anawachanganyia mbwa kwenye dona, na supu anakunywa yeye.

Jirani wa Kisumu:
😂😂😂 Huyo mzee aongezwe mshahara. Na yeye manyoya yameng'aa?

Mkazi wa Nyegezi:
Shavu limejaa kweli, nilidhani ni hali ya hewa. Shemeji sijamwambia bado.

Bin Feri:
Mpelekee ndimu na pilipili huyo mzee.