Tupeane uzoefu: antibayotiki, zinavyofanya kazi na zinavyotuumbua

Mzee wa Chumbageni
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoshika dawa kila siku, kuanzia wauguzi mpaka wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, Ngamiani hadi Pongwe hapa Tanga. Habari za "mimi niliumwa" wekeni pembeni. Leteni dawa inavyofanya kazi na inapokosewa.

Naanza na amoksilini. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, na dawa hii inamzuia kuushikanisha. Akikua, ukuta unapwaya, maji yanamwingia, anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo. Kirusi cha mafua nacho hakina, kwa hiyo mwenye kikamasi anaambulia kuharisha tu. Shida ya amoksilini ni ile ya Tanga, waja leo warudi leo: kila baada ya saa moja hivi nusu ya dawa imeshatoka kwenye damu kwenda kwenye mkojo. Kutwa mara tatu ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Siyo asubuhi, adhuhuri na alasiri halafu usiku kucha bakteria wanajenga upya.

Bibie Makorora
Hapo Ramadhani ndipo panapoharibika. Watu wanameza mbili daku na moja futari. Kuzidisha daku hakuzibi pengo la mchana, kunaongeza kichefuchefu tu. Anayefunga aseme mapema kabla hajaandikiwa. Zipo za kila saa 12, na ipo azithromaisini ya 500 mg mara moja kwa siku, siku tatu, ambayo nusu yake huchukua karibu siku tatu kutoka mwilini. Ila ugonjwa ndio unaochagua dawa, siyo mfungo, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kufungua.

Nahodha
Doksi (doksisaiklini) haigusi ukuta. Inaingia ndani na kuziba mtambo wa kutengeneza protini, bakteria anashindwa kuzaana, kinga ya mwili inamalizia kazi.

Sasa ubaya wake. Kapsuli ikimezwa kwa funda moja la chai wakati wa kulala, inanata kwenye koo la chakula na kuyeyuka palepale. Ni tindikali, inachimba kidonda. Kesho yake kifua kinawaka hata kwa kumeza mate, mtu anadhani ni moyo. Bilauri nzima ya maji, umekaa wima, na usijilaze kwa nusu saa. La pili ni jua. Wavuvi wa Deep Sea wanaotumia doksi huungua uso na migongo ya mikono kama waliomwagiwa maji moto. Mikono mirefu na kofia pana mpaka dozi iishe. Mjamzito hapewi. Mtoto chini ya miaka 8 pia, meno yake yanaingia rangi, labda daktari aone hakuna njia nyingine.

Dada wa Famasi
Na sipro (siprofloksasini) jamani! Tanga hatukosi maziwa wala mtindi, na sipro ikikutana na kalsiamu tumboni zinashikana, zinatoka pamoja chooni. Meza saa 2 kabla ya maziwa au saa 6 baada yake. Dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu ni hivyo hivyo.

Maumivu nyuma ya kisigino ukiwa kwenye sipro, acha dawa na urudi kituoni, usichue. Kano inaweza kukatika, hasa kwa aliyepita miaka 60 au anayetumia prednisoloni (dawa ya steroidi). Mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi aangalie sukari isimshuke.

Kijana wa Raskazone
Flagyl (metronidazoli) je?

Dada wa Famasi
Ladha ya chuma mdomoni na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, vyote hupita. Tembo la mnazi ndilo la kuacha, mpaka siku 2 baada ya kidonge cha mwisho.

Mama Kliniki
Dawa ya unga ya watoto. Gongagonga chupa kwanza unga uachane. Tia nusu ya maji yaliyochemshwa *yakapoa*, tikisa, subiri povu litulie, ndipo ujaze mpaka kwenye mstari. Ukijaza juu ya povu, likishuka dawa inabaki nzito na mtoto anapewa kupita kiasi. Tikisa kila unapompa, pima kwa kipimo kilichokuja na chupa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Siku zilizoandikwa kwenye chupa zikiisha, mwaga. Kwa joto letu iweke mtungini au kwenye friji, siyo juu ya kabati la bati.

Mzee wa Chumbageni
Nyongeza: mjamzito anayetumia Septrin (kotrimoksazoli) kila siku asipewe tena SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki, zote zina salfa.

Upele wa Septrin wenye malengelenge, midomo kuchubuka na macho mekundu ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Kuharisha kwa amoksilini siyo aleji, msimwandikie mtu "aleji ya penisilini" akanyimwa maisha yake yote. Kwenye kadi andikeni jina la dawa, alichokiona mgonjwa, na kilianza saa ngapi baada ya kumeza.