Triumph Bonneville ya 1969 inavuja oili: gasketi mpya, silikoni, au kushusha injini yote?

Pistoni Pacha (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nina Triumph T120 Bonneville ya mwaka 1969, yenye injini ya sisi 650, na inavuja oili. Nikiiendesha kwa nusu saa, mapezi ya silinda upande wa mbele hulowa, na nikiilaza usiku, asubuhi nakuta chini yake doa la upana wa kiganja. Nimekaza kila nati niliyoweza kuifikia na hali haikubadilika. Fundi mmoja ananishauri nifungue kichwa cha silinda, niweke gasketi mpya pamoja na sili mpya (pete za mpira za kuzuia oili) za mirija ya pushirodi, yaani fito zinazosukuma roka, ile mikono midogo ya juu inayofungua vavu. Wa pili anasema nipake silikoni ya kuzibia kwenye viungo vyote vinavyoonekana kulowa. Wa tatu anataka injini ishushwe na ifunguliwe hadi kwenye krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Zaidi ya hao, kuna dawa ya kumimina ndani ya oili ambayo inasemekana hulainisha sili zilizokauka. Naomba mnisaidie kupima njia hizi, kwa sababu injini hii haijawahi kufunguliwa chini na sitaki kuwa wa kwanza kuiharibu.

Jicho la Taratibu

Ndugu Pistoni Pacha, hao mafundi watatu wamekupa tiba tatu, lakini katika maelezo yako sioni mahali ambapo hata mmoja wao amekuonyesha oili inakotokea. Oili hushuka kwa uzito wake na husukumwa nyuma na upepo, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi mara nyingi si mahali panapovuja. Osha injini mpaka iwe safi, ikaushe kabisa, kisha ipulizie poda nyepesi, ile ya watoto inatosha. Iendeshe dakika kumi tu, uizime, halafu umulike kwa tochi ukianzia juu kuja chini na mbele kwenda nyuma. Mstari wa kwanza mweusi kwenye poda ndio utakaokupa jibu. Ukiiendesha nusu saa nzima, poda yote italowa na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Doa la asubuhi nalo lisikupite hivi hivi. Weka kadibodi nyeupe chini, kisha uguse matone na uyanuse. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na ina harufu ya kuungua. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Ile ya kwenye kasha la cheni ya klachi, ambayo kwa mwaka wa pikipiki yako hukaa peke yake, mara nyingi ni nyepesi na safi zaidi.

Mshika Spana

Kuhusu silikoni, nakusihi uiache. Niliwahi kuipaka kwa ukarimu kwenye vifuniko vya roka, na nilipofungua bolti ya kumwagia oili miezi michache baadaye, nikaukuta uzi mwekundu wa silikoni umejikunja kwenye chujio la waya. Kile kinachominywa nje unakiona na unaweza kukifuta, lakini kuna kiasi kama hicho kinachominywa ndani, nacho kikiziba njia ya oili, roka zitakauka. Zaidi ya hayo, silikoni iliyopakwa juu ya uso wenye oili haishiki. Ikiwa kifuniko kimepinda, weka msasa wa maji juu ya kioo kinene na ukisugue kwa mwendo wa duara hadi uso wote uwe wa rangi moja. Hapo gasketi ya kawaida itatosha. Kiungo cha makasha mawili ya krenki hakina gasketi, nacho hutaka gundi maalumu, tena utando mwembamba tu.

Krenki 360

Nadhani tunaharakia gasketi kabla ya kuuliza ni nini kinachoisukuma oili itoke. Katika injini hii pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kila zinaposhuka, hewa iliyo chini yake hubanwa kwa ujazo unaokaribia sisi 650, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Katika modeli zilizotangulia 1970, kazi hiyo hufanywa na vavu ndogo inayozungushwa na kamshafti ya kuingizia (mhimili unaoendesha vavu za kuingizia), kisha hewa hupita kwenye mpira na kutoka nyuma. Mpira huo ukizeeka, ukibonyea au ukiziba kwa tope, shinikizo hutafuta njia nyingine, na njia hiyo ni gasketi yoyote iliyo dhaifu. Utabadilisha sili za pushirodi leo, na kesho oili itatokea kwenye roka.

Chomoa mpira huo, uupulize kwa mdomo, uukague urefu wake wote. Halafu pima mgandamizo wa silinda zote mbili, uweke kijiko kimoja cha oili katika kila silinda na upime tena. Namba zikipanda sana baada ya oili, ringi za pistoni zimechoka na gesi inapita kuelekea chini. Hapo gasketi peke yake haitakusaidia.

Oili Moto

Nakubaliana na Krenki 360 kuhusu mapezi ya mbele, lakini hoja yake haielezi doa la usiku, kwa sababu injini iliyozimwa haina shinikizo. Naona una mivujo miwili, na kila mmoja una dawa yake. Doa likiwa la oili ya injini, kagua kama oili inateremka kutoka kwenye tangi lake na kupita pampu hadi kujaa chini ya krenki. Fungua bolti ya chini asubuhi kabla ya kuwasha, uone kinachotoka ni kiasi gani. Likiwa la giaboksi, hutahitaji kushusha injini: sili ya sproketi hufikiwa kwa kutoa klachi na kile kibamba cha duara kilicho nyuma yake.

Dawa ya kumimina hutunisha mpira tu, kwa hiyo haiwezi kufanya lolote penye gasketi ya karatasi au ya shaba.

Pistoni Pacha

Nimefanya kama mlivyonielekeza. Kwenye poda, mstari wa kwanza umetokea chini ya mrija wa mbele wa pushirodi, ule wa upande wa ekzosi. Mpira wa kupumulia nimeukuta umebonyea mpaka pande zake zinagusana. Nimeweka mpya, na uvujaji wa mbele umepungua sana, ingawa haujakoma. Mgandamizo uko sawa pande zote mbili na haukupanda baada ya kijiko cha oili. Doa la kadibodi linanuka salfa. Kwa hiyo nafungua kichwa na klachi, na krenki naiacha ilivyo.

Mshika Spana

Umeamua vizuri. Sili za mirija huuzwa kwa unene tofauti, kwa hiyo usizifunge bila kupima. Panga mirija, sili na gasketi ya kichwa, kisha ukalishe kichwa juu yake bila bolti na upime nafasi iliyobaki kati yake na gasketi. Nafasi hiyo iwe kati ya milimita 0.75 na 1. Ikiwa ndogo, sili hazitabanwa; ikiwa kubwa, mirija itakiinua kichwa na gasketi yenyewe ndiyo itakayovuja.

Jicho la Taratibu

Kaza zile bolti 9 za kichwa kwa hatua, ukianzia katikati, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Baada ya safari za kwanza, iache injini ipoe kabisa, ukaze tena, kisha urekebishe nafasi za vavu: milimita 0.05 za kuingizia na 0.10 za ekzosi. Mwisho angalia vile vifuniko vidogo vya kukagulia roka, kwa sababu hulegea kwa mtikisiko na oili yake huteremka moja kwa moja juu ya mapezi uliyoyasafisha.