Mjadala: Kigari cha mtoto kimekaa kwenye nafasi ya kiti mwendo ndani ya basi. Nani apishe?

Mleta mada, Leeds

Habari zenu wadau, hasa tulioko Uingereza na tunaotegemea basi. Wa kwanza wangu ana mwaka na nusu, wa pili yuko njiani, na sasa natafuta kigari. Mume wangu na mawifi zangu wananisukumia kile kipana cha watoto wawili kando kwa kando. Wanasema ukinunua, nunua kitu kamili. Mimi nimekataa, na sababu si bei, sababu ni basi. Kila nikisema hivyo nyumbani naambiwa nawatetea watu baki kuliko wanangu, basi naileta hapa tuijadili.

Msimamo wangu: ile nafasi ya wazi katikati ya basi ni ya mtu wa kiti mwendo. Sisi wenye vigari tunaitumia ikiwa tupu. Akija mwenyewe, tunakunja, na kama hakikunjiki tunashuka. Kwa hiyo anayejua kwamba usafiri wake ni basi asinunue kigari asichoweza kukikunja akiwa peke yake na watoto.

Kwa ambao hawajui, suala hili lilishafika mahakamani: Februari 2012 Doug Paulley, mtumiaji wa kiti mwendo, alitaka kupanda basi la kampuni ya FirstGroup kutoka mji wa Wetherby kuja hapa Leeds. Nafasi ilikuwa na mama mwenye kigari, mtoto kalala. Dereva akamwomba akikunje, mama akajibu hakikunjiki. Paulley akasema basi yeye akunje kiti chake akae kwenye kiti cha kawaida. Dereva akakataa, kwa kuwa hakukuwa na namna salama ya kukifunga kile kiti. Akabaki kituoni, na treni aliyokuwa anaiwahi Leeds ikampita. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka Januari 2017. Majaji 7 walisema kuomba mara moja na kuishia hapo hakutoshi. Dereva akiona mtu anakataa bila sababu ya maana, ambane zaidi, hata ikibidi kulisimamisha basi dakika kadhaa. Lakini hawakusema mtu ashushwe kwa nguvu, na fidia ya pauni 5,500 aliyokuwa amepewa mahakama ya chini hakurudishiwa.

Kinachonigusa zaidi ni historia. Mwaka 1965 Owen Maclaren, injinia aliyewahi kufanya kazi ya magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita Spitfire, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli. Zama hizo mabasi yalikuwa na ngazi, kwa hiyo mama alikunja, akampakata mtoto, akapanda. Mtu wa kiti mwendo hakupanda kabisa. Miaka ya 1990 watu wenye ulemavu waliingia barabarani London na kwingineko, wakajifunga pingu kwenye mabasi mpaka polisi wakaja kuwabeba. Ikaja sheria ya 1995 ya kuzuia ubaguzi dhidi yao, zikafuata kanuni za 2000: basi jipya la njia za kawaida, linalochukua abiria zaidi ya 22, liwe na nafasi ya kiti mwendo yenye urefu wa sentimita 130 na upana wa 75. Sakafu ilishushwa kwa ajili yao. Ilipokwisha kushushwa, sisi ndio tukaanza kununua vigari vinene. Hicho kipana ninachoshauriwa ninunue, upana wake ni karibu hizo hizo sentimita 75. Kikishaingia, mwenye haki yake hana pa kuweka hata gurudumu.

Karibuni. Nataka hoja, matusi hapana.

Mama Pacha, Leicester

Dada, hongera kwa ujauzito, lakini hapo umetuhukumu wengi. Wangu ni mapacha wa miezi saba. Hebu nifuate hatua kwa hatua. Mvua inanyesha, basi linatembea, dereva anasema kunja. Kwanza natoa mfuko wa maziwa na nepi chini ya kigari, maana kikiwa na kitu hakikunjiki. Halafu nafungua mkanda wa mtoto wa kwanza, namtoa. Nimweke wapi? Sakafuni penye tope? Nimpe abiria nisiyemjua? Na huyo wa pili bado yuko ndani analia. Mikono yangu ni miwili, na cha kukunjia kigari kinataka mikono miwili.

Unasema nishuke. Nishukie gizani saa kumi na moja ya Desemba, kituo hakina hata kibanda, na watoto wawili?

Mimi simkatalii mtu wa kiti mwendo haki yake. Ninachokataa ni kutugombanisha wanyonge wawili kwenye sentimita 130 wakati mwenye basi anahesabu viti vyake. Ang'oe viti vinne upande wa pili, aweke nafasi ya vigari. Yapo mabasi ya namna hiyo hapa hapa Uingereza, tumeyaona. Kwa nini yasiwe yote?

Dereva, Birmingham

Niko nyuma ya usukani, acha niseme ninachokiona. Mara nyingi mambo huisha vizuri. Ukitoka ndani ya kibanda chako, ukaenda mpaka alipo mama, ukamsalimia na kumwambia kuna mwenzetu anataka kuingia, anainuka. Ukipaza sauti kutoka mbele, basi zima linageuka kumtazama, naye anakuwa mkali.

Hiyo ya kusimamisha basi iliyosemwa mahakamani ina tatizo lake. Dakika ya kwanza watu kimya. Ya pili wanaanza kuangalia saa. Ya tatu wanamfokea, na wanayemfokea si yule aliyekataa kukunja, ni yule aliye kwenye kiti mwendo nje. "Si usubiri lingine!" Nimemwona mtu akisema mwenyewe "nendeni tu" ili yaishe. Siku ile nilikosa raha mpaka zamu ikaisha. Na huku ofisini wananiuliza kwa nini nimechelewa.

Kwa hiyo mleta mada, namuunga mkono Paulley, lakini ulinzi uliobaki mikononi mwa dereva peke yake ni mdogo sana.

Niko kwenye kiti mwendo, London

Hapa London mabasi yote ya njia za kawaida yana sakafu ya chini tangu mwisho wa 2005, na kanuni ipo wazi kwamba kipaumbele ni chetu. Hata hivyo kila nikiliona basi linakuja, kabla ya kuangalia namba naangalia dirisha la katikati kama kuna kigari.

Mama Pacha, nimekusoma mara mbili na sina ubishi na mikono yako miwili. Ila elewa hesabu yangu. Wewe ukilikosa basi hili, linalofuata unaweza kulipanda, hata kwa kusaidiwa. Mimi linalofuata nalo lina kigari, na la tatu. Nikienda hospitali naondoka nyumbani mapema kupita kiasi kwa sababu ya vigari tu. Hoja yako ya nafasi ya pili naiunga mkono kwa moyo wote, ila ikae ya pili kweli. Isije ikawa nafasi mbili za vigari nami bado nje.

Wa Kimara, Dar

Nawasoma kwa mbali. Huku mwendokasi tangu 2016 sakafu ya kituo iko usawa wa mlango wa basi, kigari au kiti mwendo kingeingia bila kuinuliwa. Lakini asubuhi Kimara hapo mtu mzima mwenye miguu yake anasukumwa ndani. Mama anamfunga mtoto mgongoni, na mwenye kiti mwendo anabaki nyumbani. Nyie angalau mna wa kumlaumu.

Bibi wa Milton Keynes

Mleta mada, mwanangu, mbona hamjaitaja mbeleko? Mtoto mchanga kigarini anatakiwa alale chali kabisa mpaka afike kama miezi sita, ndiyo maana hivyo vya wawili vinakuwa vikubwa namna hiyo. Mchanga mfunge kifuani, uso wake uuone, kidevu kisibane kifua chake. Mkubwa mweke kwenye kigari chepesi cha mmoja. Akifika miaka miwili na nusu atasimama kwenye kile kibao cha magurudumu kinachofungwa nyuma. Wajukuu zangu wote wamepita hivyo.

Mama Pacha, Leicester

Shikamoo bibi. Mbeleko naijua, nimelelewa humo. Lakini mimi nilipasuliwa, na mapacha wakifika kilo saba saba hakuna kifua cha kuwabeba wote. Ushauri wako unamfaa dada wa Leeds, mimi haunifai.

Mleta mada, Leeds

Shikamoo bibi, na ahsanteni wote.

Mama Pacha, kwenye suala la mapacha nakubaliana nawe: huwezi kumwambia mtu achague kigari wakati hali haimpi cha kuchagua. Kwako wewe majaji wenyewe wasingesema umekataa bila sababu. Ila mimi, na walio wengi wenye watoto wanaopishana miaka miwili, tuna cha kuchagua, na hapo sirudi nyuma. Wifi yangu mwenye gari anunue kipana, hamzibii mtu.

Jana nilikwenda dukani na mbeleko. Nikafunga mfuko wa mchele wa kilo tano kifuani, nikamwomba muuzaji asinisaidie. Vigari vingi vilivyoandikwa "mkono mmoja" vinadai na mguu pia, na mguu wenyewe hauoni wapi pa kukanyaga kwa sababu ya tumbo. Kimoja kilikunjika kweli, kikasimama chenyewe bila kuegemezwa. Nikapapasa bawaba zake, maana mkubwa wangu atakuwa kasimama pembeni na vidole vyake. Mwaka 2009 vigari kama milioni moja vya Maclaren viliitwa kurekebishwa Marekani baada ya bawaba kukata ncha za vidole vya watoto. Hicho bawaba zimefunikwa. Ni cha mmoja, mgongo unalazwa, na nyuma kibao kinafungika. Nadhani ndicho.

Dereva, swali kwako: kigari kikishakunjwa, kampuni yenu inaruhusu kiwekwe kwenye sehemu ya mizigo, au abiria akishike mwenyewe? Na Mama Pacha, ukiiandikia kampuni ya basi barua ya kudai nafasi ya pili, nitumie. Ninataka kusaini, na naona ndugu yetu wa London naye ana sharti lake la kuongeza humo.